Kibarua wa kaunti na ajira ya kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika kaunti zote 47 za Kenya kuna watu wanaofagia soko lile lile, wanaozoa taka za mtaa ule ule au wanaopiga deki wodi ile ile mwaka baada ya mwaka, na bado wanaitwa vibarua. Hawana barua wala likizo, na kazi ya kesho inategemea kama nyapara atasoma jina lako asubuhi. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayouliza zaidi wanapotaka kujua haki zao. Majibu yanafuata sheria za Kenya. Yamekusudiwa kukupa msingi kabla hujaenda ofisi ya leba au kwa wakili, maana anayefika huko akiwa amejipanga husikilizwa haraka zaidi.

Nimefanya kibarua kaunti miaka minne mfululizo. Si tayari mimi ni mfanyakazi wa kudumu?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tuanze hapa. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kuacha kuwa kibarua machoni pa sheria. Hilo pengine limeshatokea kwako, tena zamani, hata kama hakuna aliyekuambia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa muda fulani, mkataba wake unageuka kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na kinga za mfanyakazi wa kawaida zinamfuata.

La pili ni kupewa nafasi ya kudumu yenye pensheni katika utumishi wa umma, yenye namba ya mfanyakazi na daraja la mshahara. Hilo halitokei lenyewe kwa kupita kwa miaka. Nafasi ya umma hujazwa kwa kutangazwa, kushindaniwa na kuidhinishwa na bodi yenye mamlaka.

Kwa hiyo una haki nyingi kuliko unavyoambiwa na nyapara, lakini ni chache kuliko unavyoahidiwa na mwanasiasa wakati wa kampeni. Ukiingia kortini ukidai la pili peke yake unaweza kutoka mikono mitupu, ilhali la kwanza lilikuwa lako kabisa.

Kisheria, kibarua ni nani?

Ni mtu ambaye masharti ya kazi yake yanataka alipwe mwisho wa kila siku, na ambaye haandikwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Jisome humo. Ikiwa unalipwa mwisho wa wiki mbili au mwisho wa mwezi, na asubuhi huendi kuomba kazi upya bali unaenda kwenye zamu yako, basi jina la kibarua ni la mdomo tu. Mahakama huangalia kazi ilivyokuwa ikifanyika. Jina lililoandikwa juu ya daftari halimalizi mjadala.

Kifungu cha 37 kinachotajwa kila mahali kinasema nini?

Kifungu hicho cha Sheria ya Ajira kinamgeuza kibarua kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni siku: ukifanya kazi siku za mfululizo ambazo kwa jumla yake hazipungui mwezi mmoja. Njia ya pili ni aina ya kazi yenyewe: ukifanya kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kutarajiwa kwisha katika muda unaofikia miezi mitatu au zaidi. Hii ya pili watu huisahau, na kwa kazi za kaunti ndiyo yenye nguvu. Soko halimalizi kufagiliwa. Taka za mji hazifiki siku zikaisha. Kaunti ikisema ilikuita kwa kazi ya muda mfupi, swali la kuuliza ni hili: kazi hiyo iliisha lini?

Tuchukue mfano. Mama ameanza kufagia soko tarehe 1 Februari, Jumatatu hadi Jumamosi. Kila baada ya siku sita za kazi, sheria inamhesabia siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo inaingia katika hesabu ya mfululizo pamoja na sikukuu za kitaifa zinazoangukia humo. Kwa hiyo nyapara asimwambie kwamba Jumapili zilikata mfululizo. Mwezi ukitimia, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na hawezi tena kuachishwa jioni kwa neno la mdomo: anastahili notisi ya maandishi ya siku 28. Akiendelea hadi kufikisha miezi miwili tangu siku ya kwanza, anapata masharti yote ambayo angeyapata chini ya Sheria ya Ajira kama asingeanza kama kibarua.

Na mzozo ukifika kortini, kifungu hicho hicho kinaipa mahakama uwezo wa kubadilisha masharti ya kibarua na kutangaza kwamba ameajiriwa kwa masharti yanayolingana na sheria.

Kila baada ya miezi mitatu wanatusimamisha wiki mbili, halafu wanatuita tena. Hesabu inaanza upya?

Huu ni mchezo wa zamani na lengo lake ni kukata mfululizo. Hapa ukweli wa mambo ndio unaoamua. Mtu aliyefanya kazi siku chache, akaondoka, akarudi baada ya miezi kadhaa palipopatikana kazi, ana kesi ngumu, kwa sababu huyo kweli alikuwa akiitwa kwa mahitaji. Lakini aliyesimamishwa kwa ratiba inayojirudia, akarudi mahali pale pale, kwa nyapara yule yule, na kazi ile ile ilikuwa ikiendelea hata siku ambazo hakuwapo, anaweza kuionyesha korti kwamba mapumziko yale yalipangwa ili kukwepa sheria. Andika tarehe za kila kusimamishwa na kila kurudi. Ratiba ikijionyesha kwenye karatasi, inasema mengi.

Mimi nalipwa kwa kipande, kwa idadi ya mitaro niliyozibua. Kifungu cha 37 kinanihusu?

Hapa kuwa mwangalifu. Mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya Krystalline Salt, Mahakama ya Rufaa ilitenganisha aina nne za mikataba: wa muda usiotajwa, wa muda uliotajwa, wa kazi maalumu au kipande, na wa kibarua. Kifungu cha 37 kinazungumzia kibarua. Anayelipwa kwa kipande hawezi kukitegemea hivi hivi, na mzigo wa kuthibitisha ulikuwa aina gani ya mfanyakazi unakuangukia wewe. Kama kwa kweli ulikuwa na saa za kuripoti, zamu, msimamizi, na malipo yasiyobadilika hata mitaro ikipungua, lete ushahidi wa hayo yote, kwa sababu yanaonyesha kwamba kipande kilikuwa jina tu.

Nikishageuka, napata nini hasa?

Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya kutimiza miezi 12. Likizo ya ugonjwa baada ya miezi miwili mfululizo: siku saba za malipo kamili na nyingine saba za nusu mshahara katika kila miezi 12, ukiwa na cheti cha daktari. Posho ya nyumba, au mshahara unaoijumuisha. Mkataba wa maandishi, maana kazi ya kufikia miezi mitatu au zaidi ni lazima iandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Mchango wako wa NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya) unapaswa kufika kule unakotakiwa. Ukiondoka unastahili cheti cha utumishi, na ukiachishwa bila kuwa ndani ya NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, unaweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Kubwa kuliko yote ni ulinzi dhidi ya kufutwa ovyo. Kabla ya kukuachisha kwa kosa au kwa utendaji mbaya, mwajiri anatakiwa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Ukisikia mtu akisema kwamba kinga hii ni ya waliofikisha miezi 13 kazini tu, mwambie sharti hilo lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2012.

Nina mimba ya miezi saba. Nyapara ameniambia nipumzike nijifungue, halafu "tutaona."

Hiyo "tutaona" imewanyima kazi wanawake wengi, na inaniudhi kila ninapoisikia. Kama umeshageuka chini ya kifungu cha 37, unastahili likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kwenye kazi yako, au kazi inayofaa kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya awali. Mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu, na kumbagua mwanamke kwa sababu ya mimba kumekatazwa kwa kila mfanyakazi. Toa notisi ya likizo kwa maandishi, angalau siku saba kabla, pamoja na cheti kutoka kliniki ikiwa utatakiwa. Hata kama hujui kuandika barua ya kiofisi, sentensi tatu zinatosha: jina lako na unapofanyia kazi, tarehe utakayoanza likizo, na tarehe utakayorudi. Piga picha ya barua hiyo ikiwa na muhuri au sahihi ya aliyeipokea. Akikataa kuweka sahihi, itume kwa WhatsApp kwa msimamizi na kwa ofisi ya wafanyakazi ya kaunti siku hiyo hiyo.

Basi kwa nini korti isiwaamuru tu waniandike kudumu?

Kwa sababu ya Katiba. Ibara ya 232 inataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili, na uwape nafasi watu wa jamii zote, wanawake na wanaume, na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kazi ya kuanzisha nafasi na kuteua watu, na inaitaka itangaze nafasi hizo kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Inataka pia angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo.

Fikiria sasa vibarua wenyewe waliingiaje. Wengi waliitwa na diwani, na MCA (mwakilishi wa wadi), na jamaa wa afisa, au walisimama tu langoni. Korti ikigeuza orodha nzima kuwa ya kudumu, itakuwa imewafungia nje vijana wa kaunti hiyo ambao hawakuwahi kusikia kuna kazi. Hilo ni jambo la haki pia, hata kama linamuuma aliyefagia miaka minne.

Kuna na suala la pesa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato yote kwa mishahara na marupurupu, na Mkaguzi Mkuu huwauliza magavana kuhusu vibarua karibu kila mwaka. Lakini kikomo hicho hakiipi kaunti ruhusa ya kukutumia miaka minne bila likizo na kisha kusema haina bajeti yako. Kama kazi ni ya kila siku, kaunti inapaswa kuiwekea nafasi, iitangaze, na iwaache wanaoifanya washindanie. Kulalamikia kutotangazwa kwa nafasi ni dai lenye msingi imara kuliko kudai upewe bila ushindani.

Nafasi zimetangazwa. Miaka yangu ya kibarua inanisaidia?

Inakusaidia ukiifanya ionekane. Uzoefu ni sehemu ya ustahili, na sheria inataka matangazo yawafikie hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamekuwa katika hali duni. Omba cheti cha utumishi au barua kutoka kwa msimamizi inayotaja kazi uliyofanya na tarehe zake. Usiandike "kibarua" tu kwenye fomu. Andika kazi yenyewe: umefagia na kunyunyizia dawa soko lenye vibanda vingapi, umesimamia zamu ya watu wangapi, umetumia mashine gani. Tuma kabla ya siku ya mwisho na uhifadhi nakala au ujumbe wa kupokelewa.

Ukiachwa na ukaona kuna uonevu, unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Hii ni hatua muhimu kuliko inavyoonekana. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba mzozo unaotokana na uamuzi wa bodi ya kaunti uanzie kwenye tume hiyo kabla ya kuja mahakamani, na mawakili wa kaunti hawasahau kulitaja hilo.

Afisa ameniomba pesa ili aniweke kwenye orodha ya watakaoandikwa.

Usitoe. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayepokea na anayetoa wote wana kosa. Tena hata ukiandikwa, nafasi iliyopatikana nje ya utaratibu inaweza kufutwa wakati wowote, na hutakuwa na pa kulia. Hifadhi ujumbe wake na upeleke ripoti EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Wanapokea ripoti hata kwa asiyetaka kutaja jina.

Gavana mpya ameingia. Tumeambiwa sote tusije hadi "ukaguzi" uishe.

Kukagua wafanyakazi ni halali; wafanyakazi hewa wapo na wanakula pesa za umma. Lakini ukaguzi una mwanzo na mwisho, na mtu aliyegeuka chini ya kifungu cha 37 haachi kuwa mfanyakazi kwa sababu uchaguzi umepita. Kama kaunti inapunguza watu, inapaswa kufuata utaratibu wa kupunguza wafanyakazi: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama au kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, kigezo cha haki cha kuchagua nani aondoke, likizo isiyotumika ilipwe, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Nenda kwenye ukaguzi huo hata kama umekasirika. Jiandikishe, omba nakala ya fomu uliyojaza, na usikubali kusaini karatasi inayosema umeacha kazi kwa hiari.

Sina barua, sina payslip. Nitathibitishaje chochote?

Hili ndilo swali ninalotamani kila kibarua ajiulize akiwa bado kazini, kwa sababu kesi nyingi hushindwa kwa kukosa ushahidi wa siku za kazi, ilhali sheria yenyewe ingewatosha.

Kama unalipwa kwa M-Pesa au benki, hiyo ndiyo hazina yako. Chukua taarifa kamili ya miaka yote unayoweza kupata na utie alama kila malipo yaliyotoka kaunti au kwa nyapara. Kama unalipwa mkononi, omba ruhusa ya kupiga picha ukurasa wa daftari unaposaini, au angalau uandike siku hiyo hiyo kwenye kijitabu chako: tarehe, mahali, kazi, kiasi, na jina la aliyekulipa. Kijitabu kilichoandikwa kila siku kwa kalamu tofauti tofauti, chenye madoa ya mvua, huaminika kuliko orodha iliyochapwa wiki moja kabla ya kesi.

Kusanya na hivi: jumbe za kikundi cha WhatsApp ambapo zamu hupangwa, picha yako ukiwa na koti la kazi, kitambulisho cha muda, taarifa ya NSSF, fomu ya hospitali uliyojaziwa ulipoumia, barua ya kukuita kwenye mafunzo. Wenzako wanaweza kuwa mashahidi, na mwenye duka mkabala na soko aliyekuona kila asubuhi ni shahidi mzuri zaidi kwa sababu hana anachodai. Picha na jumbe za simu zikitumika kortini huambatanishwa na cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Wakili au msaidizi wa kisheria atakuandikia. Usibadilishe simu kabla hujazihifadhi mahali pengine.

Daftari la mahudhurio liko kwao na wanalificha.

Kutunza rekodi za wafanyakazi ni wajibu wa mwajiri. Ukifika kortini na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ambayo sheria inamtaka awe nayo, mzigo wa kupinga unachodai kuhusu masharti ya kazi humrudia yeye. Kabla ya hapo, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Iandikie kaunti barua ukiomba nakala za daftari na orodha za malipo zenye jina lako kwa kipindi fulani. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hata ukimya wao, ukiwa na barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, utakufaa baadaye.

Nianzie wapi?

Ofisi ya leba. Kibarua asiyeridhika na anavyotendewa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na huduma hiyo hailipishwi. Afisa anaweza kumwita mwajiri na kutafuta suluhu. Kama kuna tawi la Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Kaunti, jiunge. Katiba, Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na haisemi "isipokuwa kibarua". Kwa asiye na pesa za wakili, kuna Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Nikidai, si watanifuta?

Wanaweza kujaribu. Lakini kupeleka malalamiko au kesi dhidi ya mwajiri kumetajwa wazi katika sheria kuwa si sababu halali ya kumwachisha mtu. Ndiyo maana ni vizuri malalamiko yako yawe na tarehe na muhuri kabla ya lolote kutokea.

Kesi inaenda mahakama gani?

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, au, kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, mahakama ya hakimu aliyepewa mamlaka hayo tangu tangazo la gazeti la serikali la 2018. Karibu kila kibarua anaingia hapo, na mahakama ya hakimu mara nyingi iko karibu na nyumbani. Usiende Mahakama ya Madai Madogo: haina mamlaka juu ya mizozo ya ajira, na utapoteza miezi.

Nina muda gani?

Miaka mitatu tangu dai lako lilipozaliwa. Kwa madhara yanayoendelea, kama vile mshahara unaopunjwa kila mwezi, ni miezi 12 tangu yalipokoma. Mazungumzo na kaunti, ahadi za MCA na vikao vya kusubiri bajeti havisimamishi saa hiyo. Na kama unataka kurudishwa kazini, harakisha zaidi: korti haitoi amri hiyo kwa urahisi, na baada ya miaka mitatu tangu kufutwa haiwezi kuitoa.

Niliumia nikizoa taka. Wanasema kibarua halipwi fidia.

Si kweli. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamhusu mtu aliyeajiriwa kwa mshahara. Mwarifu mwajiri kwa maandishi mara moja; yeye anapaswa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba, au saa 24 kukiwa na kifo. Dai lipelekwe kwa Mkurugenzi ndani ya miezi 12. Usikimbilie kortini: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019, njia ya kwanza ni kwa Mkurugenzi.

Nilikuwa kibarua wa baraza la mji kabla ya kaunti kuja.

Mabaraza 175 yalivunjwa mwaka 2013 na wafanyakazi wake wakapita kwa kaunti. Kama jina lako lilikuwa kwenye orodha zilizokabidhiwa, miaka yako ya nyuma ina uzito katika kuonyesha mfululizo. Kama uliachwa nje siku hizo na hukudai, muda wa dai hilo umepita. Jenga dai lako juu ya kazi uliyofanya chini ya kaunti.

Tuko 40. Twende pamoja?

Ndiyo, gharama hupungua na kaunti hujibu haraka zaidi. Lakini kila mmoja asaini idhini ya kuwakilishwa, na kila mmoja awe na jedwali lake: alianza lini, siku alizofanya kazi, alicholipwa, anachodai. Madai ya pamoja huporomoka pale kiongozi mmoja anapotoa ushahidi wake na wengine 39 wanabaki kuwa majina tu. Hakimu hawezi kumkadiria mtu fidia bila kujua alilipwa kiasi gani.

Tumeshinda, na kaunti hailipi.

Mali ya kaunti haipigwi mnada kama ya mtu binafsi. Baada ya hukumu, chukua cheti cha amri dhidi ya serikali kutoka kortini na umpelekee afisa anayehusika na malipo. Kisipolipwa, unaomba Mahakama Kuu au Mahakama ya Ajira itoe amri ya kumlazimisha afisa huyo, kwa jina la cheo chake, atekeleze. Akiidharau hiyo nayo, anaitwa yeye mwenyewe ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama, na mara nyingi ni hapo pesa hupatikana. Mwambie wakili wako tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake haiishi kwenye hukumu, na mwandikiane hivyo katika makubaliano ya ada.